Bujora inahitaji shamba

Mgeni akifika Mwanza ataonyeshwa Jiwe la Bismarck, atakula sato, atapiga picha, basi. Mimi humwambia apande daladala ya Kisesa, barabara ya Musoma, kama kilometa 20, kisha achukue bodaboda hadi Makumbusho ya Wasukuma, Bujora.

Mwanzilishi wake ni Padre David Clement, mmisionari kutoka Quebec, Kanada, na makumbusho yalifunguliwa 1968. Muda ulikuwa mwafaka. Serikali ilikuwa imefuta utemi mwaka 1963, na ngoma za watemi zingeweza kuishia kwa mchwa, au kwa wanunuzi wa vitu vya kale. Leo zimo ndani ya jumba lenye umbo la kiti cha mtemi. Jumba zuri, sikatai.

Ila mimi hukaa zaidi nje, kwenye nyumba ya msonge, ya mhunzi na ya mganga, na hapo ndipo nina neno. Mji wa Msukuma haukuwa nyumba tupu. Ulikuwa na ua wa minyaa, zizi, ghala la mtama na uwele, na mbali kidogo ngitili, malisho yaliyofungwa masika ili ng'ombe wasikose nyasi kiangazi. Ondoa hayo yote, msonge unabaki kama kofia iliyosahaulika uwanjani.

Najua shamba lina gharama kuliko kabati la vioo: linataka maji, linataka mtu wa kupalilia, na mbuzi wa jirani hawasomi vibao. Lakini mganga bila miti yake ni nini? Na pamba je? Ndiyo iliyovipa nguvu vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa, vikaungana 1955 chini ya Paul Bomani. Leo mtoto wa Nyamagana, Mwanza mjini, anaweza kumaliza shule hajashika tunda la mpamba.

Juni, wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma la Bujora, vikundi vya Bagika na Bagalu vikishindana kuvuta umati, hakuna atakayekuwa na nafasi ya kukueleza mti. (Nenda hata hivyo, bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, lina raha yake.) Kwa masomo, chagua siku ya kawaida.

Wangeanza na kipande kidogo tu kando ya nyumba ya mganga: mtama, uwele, pamba na miti ya dawa, majina kwa Kisukuma na Kiswahili. Wanafunzi wa Magu, wilaya iliko Bujora, wapewe zamu ya kupalilia, na mavuno wapike wenyewe.