Msisugue Sarafu za Bibi

Jumapili binamu yangu aliteremka kutoka kwenye Coaster ya Tukuyu na kopo la kakao lililofungwa kwa kipande cha kanga. Alilishika kama mtu aliyebeba mayai. Akalitua kwenye kaunta ya duka langu hapa Uyole, Mbeya, akaniambia, "Dada, fungua mwenyewe. Nimezisafisha zote."

Nikafungua. Zilikuwa zinameta. Sarafu thelathini na nane za shangazi, mama wa binamu, zilizokaa chini ya kitanda tangu mimi na huyo binamu hatujazaliwa, zimesuguliwa kwa mchanga wa mtoni, jivu na limau mpaka zimekuwa kama vifuniko vya soda. Nilikaa kwenye gunia la mchele, sauti haikutoka. Binamu akadhani nimefurahi.

Mmeshauona ule ujumbe, najua mmeuona, maana umepita kila kundi la simu kuanzia la kikoba hadi la kwaya. Mnunuzi kutoka nje yuko Dar es Salaam. Shilingi ya simba milioni ishirini, senti kumi yenye tundu milioni nane. Masharti mawili: sarafu iwe inang'aa, na utangulize shilingi 45,000 za kuandikishwa. Binamu alituma. Namba ile haipokelewi tena.

Elfu arobaini na tano inauma. Kwa mtu anayeuza ndizi, hiyo ni mikungu aliyoipandisha mlima kwa kichwa chake. Lakini pesa hiyo itarudi siku moja, viazi vikikubali. Herufi zilizosuguliwa hazirudi, na hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Wanaonifahamu wanajua mazoea yangu. Kila jioni nikishafunga mlango namwaga chenji yote ya siku kwenye ungo, nawasha taa, nazipanga kwa mwaka. Mia ya 1994 unaitambua kwa kidole tu, uso wa Mwalimu umeshalala. Mia mbili ya 1998 na ya 2008 nazitenga. Hamsini ya 1996 yenye faru naiweka pembeni hata kama mezani nina tano nyingine, kwa sababu wateja wameanza kuikataa na siku moja tutaitafuta kwa tochi. Nina daftari la hesabu la kurasa mia moja, limejaa miaka na alama. Mume wangu amelizoea. Wanangu wanagombea nani ashike kioo cha kukuzia.

Sitafuti milioni nane. Natafuta tofauti. Sarafu hupigwa kwa chuma kilichochongwa picha na maneno, na chuma kile kikipiga maelfu kwa maelfu kinachoka. Kinatengenezwa kingine, na mkono uliochonga cha kwanza si lazima ndio uchonge cha pili. Herufi inasogea. Mkia unanenepa. Au nchi inabana matumizi na kubadilisha madini. Chukua senti 50 ya sungura, ile wazee waliyoiita sumni. Za 1966 hadi 1984 ni shaba na nikeli, sumaku haizigusi kabisa. Ya 1988 sungura ni yuleyule, ila ndani ni chuma kilichofunikwa nikeli, nayo inaruka kwenye sumaku. Ukiigeuza, Mwalimu hayupo, yupo Mzee Mwinyi. Mnyama mmoja, na ukiwa na kipande cha sumaku kilichotoka kwenye spika mbovu unaweza kumwonyesha mtoto wa darasa la nne nchi ilivyopita miaka ya themanini.

Sasa rudi kwenye kopo la shangazi.

Ndani yake kulikuwa na senti kumi za tundu kumi na moja, zile za Afrika Mashariki ya enzi ya Mwingereza, zenye pembe za ndovu kuzunguka tundu. Kwa macho ya haraka ni kitu kimoja. Lakini chini, karibu na mwaka, nyingine zina herufi ndogo na nyingine hazina. H ni kiwanda cha Heaton, Birmingham. KN ni King's Norton, mji huohuo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Uingereza ilielemewa, kazi nyingine ikapelekwa Bombay, India, nao wakaweka I, na nyingine Pretoria, Afrika Kusini, wakaweka SA. Fikiria mama anauza magimbi sokoni Tukuyu mwaka 1943, anapewa senti iliyopigwa Pretoria kwa sababu bahari ya Ulaya ina vita. Hiyo habari yote imo kwenye herufi mbili zisizofika ukubwa wa punje ya ulezi. Na punje ya ulezi ndiyo ya kwanza kuondoka ukisugua kwa mchanga.

Niliinua moja dirishani. Mwaka unasomeka kwa shida: 1936. Pembeni, mahali pa jina la mfalme, nikapata EDW, halafu uwazi laini, halafu X. Mikono ilianza kutetemeka. Edward wa Nane wa Uingereza hakukaa kwenye kiti cha ufalme hata miezi kumi na moja. Alianza Januari 1936, Desemba akakiacha ili amwoe mwanamke aliyempenda. Kule kwao hawakuwahi kutoa sarafu yenye sura yake ikatumika madukani. Lakini sarafu zetu za tundu hazikuwa na sura, zilihitaji jina tu, kwa hiyo zilipigwa na zikatumwa huku. Jina la mfalme ambaye Waingereza wenyewe hawakuwahi kulishika kwenye chenji yao, bibi zetu walililipia chumvi.

Nisieleweke vibaya, senti hiyo si adimu kiasi cha kununua kiwanja. Zilipigwa nyingi. Lakini hii ilikuwa ya shangazi, iliyopokelewa na mama yake kwa mkono wake, na rangi yake ya kahawia ilichukua karibu miaka tisini kujengeka. Ile rangi si uchafu! Shaba ikikaa inajivika ngozi, na ngozi hiyo ndiyo inayozilinda herufi. Mtu anayejua sarafu akiiona imeng'arishwa anairudisha mezani bila hata kuuliza bei. Aliyeandika "iwe inang'aa" hajawahi kununua sarafu hata moja maishani mwake, na sharti lake hilo peke yake lilitosha kumfichua.

Wapo wanaosema rupia halisi ya Mjerumani inavuta punje za mchele. Rupia ni madini ya fedha, na madini hayo hayavuti hata sindano.

Kuhusu Mjerumani, nakubali jambo moja, na nalikubali kwa shingo upande. Zipo sarafu za nchi hii zenye bei kubwa kweli. Mwaka 1916 pwani ilikuwa imezibwa na manowari za Waingereza, pesa haziingii, Wajerumani wakapiga sarafu zao kwenye karakana ya reli Tabora. Walipiga heller, yaani senti zao, za shaba nyekundu na za shaba ya njano, shaba nyingine imetoka kwenye maganda ya risasi, na vilevile rupia 15 za dhahabu ya mgodi wa Sekenke zenye picha ya tembo. Ile ya tembo ni mali, sibishi. Lakini hutaipewa na konda wa bajaji. Mimi ningeifurahia zaidi ile heller 20 ya Tabora, chafu, nzito, iliyopigwa haraka haraka. Chuma cha kupigia kilichongwa upya mara kadhaa, ndiyo maana kuna zenye taji kubwa na zenye taji dogo, na herufi L kwenye neno heller nyingine zina ncha iliyochongoka, nyingine imejikunja. Mafundi wa reli wakiwa vitani waliacha mikono yao pale. Na sisi neno lenyewe tumebaki nalo. Kila tunaposema "sina hela" tunataja sarafu ile.

Nakubali pia kwamba kutamani milioni si aibu. Binamu ana watoto watatu, mmoja anaingia sekondari mwakani. Sikumgombeza. Ninaowagombeza ni wale wanaokaa mahali na simu, wakijua kabisa kwamba karibu kila nyumba ya kijijini kuna kopo chini ya kitanda, na wakajua pia kwamba mwenye kopo amechoka. Wanachukua elfu zake kisha wanamfundisha kuharibu kitu pekee alichoachiwa na mama yake. Wizi huo una mikono miwili. Nimeshawahi kuona na shilingi za simba zilizotobolewa ili "kupima fedha ndani". Babu yangu upande wa mama alikuwa Chunya miaka ya 1930, kwenye dhahabu ya Lupa, akilipwa shilingi hizohizo. Hazihitaji kutobolewa, soma mwaka tu. Hadi 1946 zina fedha robo moja, kuanzia 1948 fedha imetolewa, ni shaba na nikeli.

 

Basi nikafunga duka mapema, tukapanda gari na binamu, tukaenda Tukuyu na kopo letu. Mvua ilikuwa inanyesha kuanzia Kiwira. Shangazi alikuwa jikoni. Nilimsalimu, nikakaa kwenye kigoda, nikamwonyesha ile ya 1936 na kumsomea jina lililobaki. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumtazama mwanawe. Kisha akafungua fundo kwenye pindo la kanga aliyojifunga, akatoa senti kumi moja, kahawia iliyokolea kama kahawa ya wazee wa stendi. Hii mwanawe hakuijua. Hulala nayo.

Nikaisogeza mlangoni kwenye mwanga, nikaishika kwa ukingo. Imesimama yote, kila herufi. Mwaka 1949. Jina ni la George wa Sita, lakini yale maneno yanayomwita Mfalme Mkuu wa India, yaliyoko kwenye senti zake zote hadi 1945, hayapo tena. India ilijitawala 1947, na kwenye senti ya kununulia chumvi hapa Rungwe wakalazimika kuyafuta. Nilimweleza shangazi hivyo. Akauliza, "Na sisi walitufuta mwaka gani?" Nikamwambia sisi tulitoa zetu 1966, yenye Mwalimu na mwenge.

"Mwenge naukumbuka," akasema. Akanyoosha mkono, akaichukua senti yake, akairudisha kwenye pindo na kufunga fundo kwa meno. "Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Hii msiiguse."

Niliandika kwenye daftari: 1949, haina herufi chini, haijasuguliwa, iko Tukuyu. Ile ya Edward alinipa nije nayo. Ipo kwenye bahasha juu ya rafu, mbali na jiko, na kila mtoto wangu ameshaambiwa aishike kwa ukingo.