Dhoruba dhaifu, maji mengi: je, daraja la upepo linatosha?

Januari 2022 dhoruba Ana ilipita Madagaska, Msumbiji na Malawi. Dhoruba hupangwa kwa madaraja ya kasi ya upepo; Ana haikufikia daraja la kimbunga kamili, ambalo upande huu wa Bahari ya Hindi huanzia upepo wa kilomita 118 kwa saa, lakini iliua watu zaidi ya 100. Huko Malawi, Mto Shire utokao Ziwa Nyasa ulifurika katika wilaya za Chikwawa na Nsanje, ukabomoa tuta la bwawa la Kapichira na kuzima karibu megawati 130 za umeme. Umeme huo ulichukua zaidi ya mwaka kurejea.

Dhoruba huzaliwa hivi: bahari ikifikia joto la nyuzi 26 na nusu hutoa mvuke mwingi. Mvuke ukipanda hupoa, hugeuka matone na kuachia joto lake. Hapo mgandamizo wa hewa chini hushuka, hewa nyingine huvutwa, na mzunguko wa dunia huipindisha. Pepo za juu zikivuma tofauti na za chini, umbo la dhoruba huvurugika na kasi yake haikui. Mvuke, hata hivyo, bado upo. Ukigonga milima kama Mulanje, kusini mwa Malawi, humwagika bondeni, na dhoruba inayojikokota huweza kunyeshea eneo lilelile siku nzima.

Wanaotetea madaraja ya upepo wana hoja nzito. Kasi hukadiriwa kwa setilaiti, na mvuvi anaielewa mara moja. Mvua ni ngumu kutabiri: kata moja huloa, ya jirani ikabaki kavu. Tahadhari ikikosea mara mbili, ya tatu watu hawahami.

Nakubali, lakini tukumbuke kimbunga Hidaya hapa Tanzania, Mei 2024. Kilipofika Mafia tuliambiwa kimepoteza nguvu, na ilikuwa kweli. Mvua yake ikakata barabara ya Dar es Salaam–Lindi pale Somanga, magari yakakwama pande zote mbili. Anayesikia “kimepoteza nguvu” hurudi kulala.

Kwa maoni yangu, daraja libaki kwa walio baharini. Kwa wa bondeni, taarifa ianze na mvua na mto: maji ya mlimani yatafika kwao saa ngapi? Jibu linahitaji vipimo vya kina cha maji huko juu mtoni na mtu wa kuvisoma usiku. Mafuriko huvisomba vipimo hivyo pia, kwa hiyo fedha zake ziwe kwenye bajeti ya serikali ya kila mwaka, si kwenye mradi wa wafadhili wenye tarehe ya mwisho.