Kidonda Kimepona, Kijana Hajafundwa

Siku hizi mtoto wa kiume anapelekwa hospitali asubuhi, anachomwa sindano ya ganzi, anatahiriwa, na mchana yuko nyumbani kajifunga kanga ya mama yake, anatembea kwa kutanua miguu. Baba ameshalipa, amerudi kazini. Mtoto anakaa sebuleni na simu mpaka kidonda kikauke, na yale ambayo kungwi angemwambia anayapata kwa wenzake wasiojua zaidi yake.

Sina ugomvi na hospitali. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tohara ya kitabibu baada ya utafiti wa Kisumu (Kenya), Rakai (Uganda) na Orange Farm (Afrika Kusini) kuonyesha kuwa inampunguzia mwanamume kwa takribani asilimia 60 hatari ya kuambukizwa VVU na mwanamke. Tanzania ikaifikisha hadi Iringa, Tabora na Shinyanga, ambako wengi hawakuwa na mila hiyo. Kumbi za jando za zamani nazo zilikuwa na mabaya yake: kisu kimoja kwa watoto kadhaa, vipigo, hata nyimbo za kumdharau mwanamke. Hayo yasirudi kabisa.

Lakini kwa Wayao, Wamakonde na Wazaramo, jando halikuwa siku ya kukatwa tu. Wari walikaa kumbini majuma kadhaa, wakifundwa na wanaume wazima walioacha shughuli zao kwa ajili yao. Mtoto aliweza kumuuliza kungwi asiyothubutu kumuuliza baba yake. Hilo ndilo tulilolitupa, na tuliolitupa ni sisi wanaume. Dada za vijana hawa bado wana shangazi, wana somo, wana kicheni pati. Vijana wa kiume wana kijiwe.

Na kijiweni hapakosi mwalimu. Kwenye kijiwe cha bodaboda cha mtaani kwetu yuko dereva mmoja wa makamo. Jioni huwauliza vijana wapya mambo mawili: hesabu ya bosi umeitenga? Nyumbani umepeleka nini? Aliyeibetia hesabu na mkeka ukachanika, hamfokei mbele ya wenzake. Anamvuta kando, wanapanga namna ya kulipa. Usiku mmoja kijana aliyeachwa na mchumba wake alikuwa anampigia binti wa watu simu mfululizo, sauti imempanda. Yule mzee akanyoosha mkono: "Nipe hiyo simu, mwanangu. Utaichukua kesho." Akaitia mfukoni mwa koti lake, wakakaa wote pale mpaka kijana akatulia.

Hakuna semina ya siku moja inayoweza kufanya kazi hiyo. Kijana anahitaji mwanamume anayemjua kwa jina, mwenye idhini ya kumwambia hapana, na ambaye kesho yake atakuwepo tena.

Kidonda cha tohara huchukua kama wiki 6 kupona kabisa. Likizo ya Desemba ikifika na mpwa wako katahiriwa, mjomba, hizo ndizo wiki zako. Mama yake ajue mko wapi na lini mnarudi. Ndoto nyevu, hasira, pesa, msichana akisema hataki: anzeni na hayo manne, na umwache aulize yeye kwanza. Baba asiwepo.