Nimekuja kuleta tofauti. Na nani?

Beji ninayovaa zamuni, katika nyumba ya kutunza wazee hapa Leicester, Uingereza, ina jina langu na chini yake maneno "We make a difference", yaani tunaleta tofauti. Nimeivaa miaka minane bila kuifikiria.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani, Same, huko Upareni, Tanzania, na fedha za mabomba ya mfereji. Nikasimama mbele ya wazee nikatangaza kwamba nimekuja kuleta tofauti kijijini. Kimya. Baba mdogo akanitazama: "Tofauti na nani tena, mwanangu? Hata ile ya mpaka wa shamba hatujaimaliza." Watu wakaangua kicheko, nikaketi.

Alikuwa na haki. Kwetu tofauti huwa kati ya watu, nazo husuluhishwa. Najua kwenye semina siku hizi ukisema umekuja kuleta tofauti unapigiwa makofi, lakini mzee asiyelipwa posho ya semina anasikia ugomvi.

Isitoshe, Upareni kazi kubwa haina msemaji. Ndiva, bwawa la kijiji la kumwagilia mashamba, inakinga maji usiku, asubuhi inafunguliwa yashuke mashambani. Ikijaa tope unaitwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji: kila kaya itoe mtu na jembe lake. Usipofika, faini. Ukifika, hupewi asante, na nani akupe wakati maji ni yako pia?

Huku Leicester kila kitu kinaandikwa. Nikimnywesha bibi chai, naingiza kwenye simu ya kazini: saa nne na robo, mililita 150. Nikimgeuza kitandani, naandika amelalia ubavu gani. Mwanzoni niliona vichekesho vya Wazungu. Hadi usiku mmoja nilipofungua rekodi nikakuta bibi mmoja hajanywa chochote tangu adhuhuri. Mwenyewe hasemi tena; bila ile rekodi nani angejua? Tukamuwahi.

Kwa hiyo ile beji siicheki kama zamani. Mama yangu amezoa tope la ndiva ile tangu nikiwa mgongoni mwake. Nilipopekua daftari la msaragambo, nikakuta linaandika wasiofika tu. Jina lake limo mara moja, siku aliyokuwa anaumwa.

Mabomba yalinunuliwa, maji yanafika hadi shamba la mwisho. Jina langu halikuandikwa popote, na nakiri nililitafuta.