Chura wa Gippsland ana kwao

Juzi usiku nilimsimulia binti yangu habari za Tiddalik, chura aliyeamka na kiu akanywa mito, mabwawa na madimbwi yote mpaka nchi ikakauka. Wanyama wakakata shauri: tumchekeshe, atayatapika. Wakafanya kila kituko, chura kimya, mashavu yamemvimba. Mwisho akaja mkunga, akacheza akijipindapinda. Chura akaangua kicheko, maji yakamwagika.

"Mkunga wa hospitali?" binti yangu akauliza. Wa majini, mwanangu, mrefu kama nyoka. Ingawa hata yule wa hospitali asingekosa kazi pale, maana chupa ndiyo ilikuwa imepasuka.

Kosa lilikuwa langu, tangu mwanzo. Nilianza na "Hapo zamani za kale, katika nchi ya mbali."

Nchi yenyewe ina jina. Hadithi hii ni ya Wagunaikurnai, wenyeji wa Gippsland, kusini-mashariki mwa Australia. Bara lile lilikuwa na lugha zaidi ya 250 Waingereza walipokuja kulowea mwaka 1788, lakini vitabu vingi vya watoto huandika "hadithi ya Waaborijini" basi. Mtu akichukua hadithi ya Wachaga akaiita "ya Kiafrika", tutanuna.

Hiyo "zamani" nayo ina kasoro. "Wakati wa Ndoto", jina ambalo vitabu huupa wakati wa hadithi hizi, ni tafsiri ya Wazungu waliohangaika na neno la Waarrernte wa katikati ya Australia. Wawarlpiri husema Jukurrpa, Waanangu wa mwamba wa Uluru husema Tjukurpa, na ndani yake mna sheria, ukoo, ardhi na wahenga walioiumba, ambao hawajaondoka. Utasemaje zamani za kale?

Linaloniudhi zaidi ni jina la msimulizi. David Unaipon, mwenyeji wa Australia wa jamii ya Wangarrindjeri, alikusanya na kuandika hadithi za namna hii miaka ya 1920. Mwaka 1930 zikatoka kitabuni London kwa jina la daktari Mzungu, William Ramsay Smith, Unaipon hakutajwa. Sura yake iliwekwa kwenye noti ya dola 50 ya Australia mwaka 1995. Mkusanyo huo ulichapishwa kwa jina lake mwaka 2001, yeye akiwa kaburini tangu 1967. Noti ilitangulia kitabu!

Halafu kuna huku kuwaonea watoto huruma. Wengi hukomea kwenye kicheko. Lakini katika simulizi iliyoandikwa karne ya 19, maji ya chura yalileta gharika, watu wakafa, na ndege mwari akawavusha walionusurika kwa mtumbwi.

Jana nikarudia. Paukwa! Pakawa! Huko Gippsland, kwa Wagunaikurnai, yupo chura... Safari hii sikuruka gharika. Binti yangu alinyamaza kidogo, kisha akataka kujua mtumbwi wa mwari ulibeba watu wangapi kwa mara moja.