Muvi ya uswazi, piano ya tangazo la viwanja

Nimelipa hela yangu halali nikaenda sinema kuangalia muvi ya Kibongo, muvi ya mtaa kabisa, vijana, visu, polisi, mapenzi ya kwenye korido, kila kitu. Ikafika ile sehemu dogo anakimbizwa vichochoroni Manzese, nyuma watu wanapiga kelele mwizi mwizi, kuna jamaa anavingirisha tairi, na mnajua tairi kwetu maana yake nini. Hapo hapo dairekta akatuwekea piano. Piano jamani, na violini kwa mbali, ile ya bure ya YouTube, na mbaya zaidi ile piano mimi naijua, ndio inayopigwa kwenye tangazo la viwanja vya Kigamboni. Badala ya kumwogopea dogo nikajikuta nawaza kama umeme umeshafika huko kwenye viwanja.

Jina la muvi silitaji kwa sababu wale vijana wamejituma, kamera safi, lugha ya mtaani ipo sawa, na yule mama aliyecheza shangazi mtu apewe tuzo yake kesho asubuhi. Lakini muziki! Dogo anazikwa, watu wanalia, majina yanaanza kupanda kwenye skrini, na wewe bado una donge kooni, ghafla unapigwa na bongofleva ya mapenzi, baby sijui nini, njoo kifuani. Kifuani kwa nani, mtu si ametoka kuzikwa?

Sasa mimi nasema hivi, na nitalisema mpaka mchoke: muvi ya mtaa inataka albamu yake ya rap, na hiyo albamu ianze kupikwa siku skripti inapokamilika, sio siku editi inapokamilika. Kwetu muziki unakuja kama chumvi ya kunyunyizia wakati chakula kishapakuliwa. Hela imeisha kwenye kukodi droni ili tuonyeshwe Daraja la Tanzanite kutoka juu (kila muvi lazima tulione Daraja la Tanzanite kutoka juu, hata kama stori yote iko Buguruni), halafu mtu anampigia mshikaji wake, oya una ngoma yoyote hapo? Yoyote!

Wa rika langu wataelewa nikisema zile albamu za muvi za Wamarekani weusi za miaka ya tisini zilitulea. Juice ya 1992. Above the Rim ya 1994, hii ndio nataka kuisemea kidogo maana wengi mtaani tuliijua albamu miaka mingi kabla ya kuiona muvi yenyewe, na kuna watu wazima nawajua wana watoto sekondari wanaimba Regulate ya Warren G na Nate Dogg neno kwa neno na hawajui kama ilitoka kwenye muvi ya basketi. Lebo ya rap ya Death Row ndio waliisimamia, Suge Knight na Dr. Dre, ikafika namba mbili kwenye chati kubwa ya albamu ya Billboard, na Regulate nayo ikafika namba mbili kwenye chati ya nyimbo. Halafu kuna kitu kinanifurahisha mpaka leo, wimbo wa 2Pac unaitwa Pain ulikuwa kwenye kaseti tu, kwenye CD hukuukuta. Yaani kwa mara ya kwanza duniani mwenye redio kaseti ya kugonga gonga ndio iimbe alimzidi mwenye CD. Raha iliyoje.

Najua kuna mjuaji atakuja na swali lake. Muvi ya Above the Rim iko New York, Harlem, albamu imejaa watu wa Los Angeles, Warren G kwenye Regulate anazunguka mitaa ya Long Beach, huko huko upande wa Los Angeles, kwa hiyo hiyo nayo si muziki wa mahali pengine? Haya, umepata hapo. Na nakuongezea nyingine bure, albamu nyingi za namna ile lebo zilikuwa zinatafuta pa kumwagia ngoma zilizolala stoo, nusu ya nyimbo kwenye muvi huzisikii hata nusu dakika. Sawa. Lakini 2Pac yule yule aliyecheza Birdie kwenye muvi yumo kwenye albamu, kwa hiyo sura uliyoiogopa kwenye skrini ndio sauti unayokwenda nayo nyumbani. Nitajie muvi yetu ngapi zimefanya hivyo, mimi nasubiri.

Turudi kwenye skripti maana hapo ndipo roho inaponiuma. Sikiliza rapa Rakim anavyochana kwenye ule wimbo wa Juice. Hasimulii muvi, hasemi "hii ni muvi ya vijana wanne", yeye anaingia ndani ya mtu, anakuwa kijana wa mtaani anayetaka heshima, anaenda naye hatua kwa hatua mpaka ukingoni. Eminem kwenye muvi ya 8 Mile ni hivyo hivyo, ubeti wa kwanza wa Lose Yourself ni yule kijana wa kwenye muvi, jasho mikononi, ameganda mbele ya watu, na ule wimbo ukabeba Oscar mwaka 2003, rap ya kwanza kubeba, mwenyewe hata ukumbini hakwenda. Hicho ndicho ninachokiongelea, mwanamuziki amepewa mtu wa kuingia ndani yake.

Na msiniambie marapa wetu hawawezi. Professor Jay kwenye Ndio Mzee alifanya nini kama sio kuigiza? Amekuwa mwanasiasa, anaahidi maajabu, watu wanaitikia ndio mzee, na hakuna kamera hata moja lakini unaliona jukwaa, unaona mpaka jasho la mheshimiwa. Mr. Ebbo, Mungu amrehemu, akaja na Mi Mmasai, mhusika mzima ndani ya dakika chache. Watu hawa walikuwa wanatengeneza muvi kwa mdomo tangu wengine hatujajua tofauti ya dairekta na prodyuza. Halafu leo unampigia mtu wa aina hiyo kumuuliza ana ngoma yoyote.

Mpe skripti akasome, basi. Mwambie wewe utakuwa yule jamaa wa tairi, nataka nijue asubuhi ile aliamka vipi, alikunywa chai na nini, anadaiwa na nani, na ni wapi hasa mkono wake uliamua kwenda kwenye tairi badala ya kwenda kwenye shughuli zake. Mwingine mpe bodaboda aliyembeba dogo bila kujua amembeba mwizi, na nauli hakulipwa. Mwingine awe mjumbe wa mtaa aliyeona kila kitu na kesho yake anaandika barua ya utambulisho kwa mama wa marehemu, anagonga muhuri, anapokea hela yake. Hizo ni nyimbo tatu na hakuna hata moja yenye baby. Na ukimpa mapema anakurekebishia na maongezi, atakwambia broo, mtu wa Tandale akimkuta mdogo wake na simu ya wizi hasemi "kwa nini umefanya hivi", kuna anachosema, na hicho anachosema ndicho kitakachorudiwa kwenye daladala mwaka mzima. Biti nayo ikitoka mapema mnaipiga palepale mnaposhuti, waigizaji wanatembea nayo, hata ile mikimbio inakuwa na mapigo, sio mtu anakimbia kivyake na piano inalia kivyake.

Singeli, ule muziki wetu wa uswazi wa kasi? Iwepo, muvi ya Manzese bila singeli ni uongo, kigodoro kipigwe. Ila singeli ikukimbize, rap ikueleze unakimbia nini.

Hela hakuna, najua, huo wimbo nao naujua kwa moyo. Droni ina hela. Na mkubaliane kwa maandishi nani anamiliki nini, sheria ya hakimiliki ya 1999 ipo, msije mkaanza kutukanana Instagram muvi ikiuza.

Mimi ningeshampa rapa Nikki Mbishi yule wa tairi, maana anajua kukaa ndani ya mtu mbaya bila kumwombea msamaha. Rapa mwenzake Fid Q ningempa mjumbe, kwa ule utulivu wake. Lakini wimbo ambao ningeulipia kabla ya yote ni wa dada yake dogo. Mmemuona kwenye ile muvi? Analia mlangoni, analia msibani, katikati anaulizwa "kaka yako yuko wapi" na anasema hajui. Basi, kazi yake imeisha. Above the Rim karibu yote ni wanaume, mipira na bunduki, lakini kwenye albamu yake rapa wa kike The Lady of Rage aliingia na wimbo wake Afro Puffs akasimama katikati ya genge lote la Death Row na hakuna aliyemfunika. Sisi tunaye rapa wetu wa kike Rosa Ree na ile sauti yake ya nguvu, tumpe yule dada, tumpe dakika nne, atuambie zile simu za wizi zilikuwa zinafichwa chini ya godoro la nani, na ada yake ya shule ililipwa na nini, na alijua tangu lini.