Sufuria ya presha ikikuunguza mkono, nani alipe na alipe kiasi gani?

Arusha mjini iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka yakifika nyuzi 95 hivi, si 100. Makande ya mahindi makavu hayaivi upesi kwa joto hilo, na ndiyo sababu mojawapo sufuria za presha zinapendwa sana huku. Ndani yake mvuke hupanda hadi nyuzi 115 au zaidi. Ukitoroka pasipotakiwa, matokeo ya kawaida si msiba: kiganja kinababuka, malengelenge yanatoka, baada ya wiki mbili ngozi imerudi. Hakuna aliyelazwa. Ubishi unaanzia hapo. Je, aliyeungua anastahili fidia, au arudishiwe hela ya sufuria yaishe?

Wenye maduka wana hoja, na si ubahili mtupu. Muuzaji wa vyombo pale Kilombero au Mbuyuni ya Moshi anachukua mzigo kwa jumla na kupata faida ya elfu chache kwa kila sufuria. Hakuitengeneza, na mara nyingi hakuifungua hata boksi. Akilipa laki mbili kwa kiganja kimoja, faida ya sufuria nyingi imekwenda. Zaidi ya hapo, jikoni hakuwepo. Atajuaje kwamba mteja hakulazimisha mfuniko mvuke ukiwa bado ndani?

Aliyeungua naye ana lake. Bei ya sufuria inalipa sufuria, hailipi mkono. Mama lishe wa Mbauda hasongi ugali kwa mkono mmoja, na siku tano za kufunga jiko zinaweza kumgharimu kuliko chombo chenyewe. Aliuziwa kitu cha kupikia maharage, akapikia maharage. Hasara hiyo aibebe yeye kwa lipi?

Pande zote mbili hukimbilia pesa kabla ya kuangalia chanzo, na hapo ndipo maelewano yanapoharibika. Kwenye sufuria ya presha kuna vitu vinne vya kukagua: mishikio, mpira wa mfuniko, tundu la mvuke pamoja na kizito chake, na vali ya usalama.

Mshikio ndio mwepesi kuamua. Mara nyingi umekamatwa na skrubu moja iliyoingia kwenye kinundu cha alumini. Skrubu ikiwa na meno machache, au plastiki ngumu ikipasuka kwa joto, sufuria inageuka mkononi na mchuzi unamwagika. Mpishi hana kosa hapo, labda kama aliuona unacheza akaendelea kuutumia. Mpira nao hukakamaa kwa joto kadiri unavyotumika. Ukivujisha mvuke mwezi wa kwanza, huo ni ubovu. Ukivujisha mwaka wa pili, ni uchakavu. Na aliyebadilisha akaweka mpira wa kubahatisha alioupata kwa machinga asimfuate aliyemuuzia sufuria.

Tundu la mvuke ndilo lenye utata. Maganda ya maharage hupanda na povu yakaliziba. Kanuni ni kwamba maharage na nafaka zisizidi nusu ya sufuria, vyakula vingine visizidi theluthi mbili, na kabla ya kufunga mpishi auinue mfuniko kwenye mwanga ahakikishe tundu liko wazi. Aliyejaza hadi juu amekosea, na wauzaji wengi hupenda kesi iishie hapo. Lakini vali ya usalama imewekwa kwa sababu mtengenezaji anajua kuna siku mtu atajaza kupita kiasi. Tundu likiziba, vali inapaswa kuachia mvuke kabla mfuniko haujashindwa. Isipoachia, makosa yamekuwa mawili, na la pili si la mpishi. Kumnyima yote ni kumwonea, kumpa yote ni kumwonea muuzaji. Kwa maoni yetu sehemu kubwa iwe juu ya bidhaa, kwa kuwa kazi ya vali ile ni kumkinga mtu na kosa hilohilo. Kupunguza fidia kwa kiasi cha kosa la aliyeumia si huruma ya mtaani, ni kanuni ambayo mahakama hutumia.

Kwa hiyo sufuria iliyokuunguza usiioshe. Maganda yaliyoganda kwenye tundu ni ushahidi, yawe ya kukusaidia au ya kukuangusha. Piga picha ya tundu, vali, mpira, mishikio, maandishi ya chini, na nembo ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, kama ipo. Usimwachie muuzaji chombo bila maandishi yenye tarehe na sahihi yake. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, inaonyesha siku na duka. Kama hukupewa, meseji ya muamala wa simu ni bora kuliko mikono mitupu. Ukishuku bidhaa ni hafifu au feki, TBS wana ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapo Arusha, na taarifa yako huenda ikawakinga wengine hata kama haikuletei shilingi.

Nani alipe? Kwa mnunuzi njia fupi ni muuzaji. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, anayeuza kitu katika biashara yake anabeba sharti kwamba kinafaa kwa kazi yake, na kusema "mimi sikukitengeneza" hakumtoi. Lile bango la "mali ikishauzwa hairudishwi" nalo halimwokoi kwa bidhaa mbovu, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya 2003 imeweka masharti ya kumlinda mlaji ambayo muuzaji hawezi kuyafuta kwa karatasi ya ukutani. Mgumu ni upande wa asiyenunua, tuseme binti wa kazi au jirani aliyekuja kusaidia. Huyo hana mkataba na duka. Mlango wake ni madai ya uzembe, yanayotokana na kesi ya Donoghue iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1932: mama mmoja wa Scotland alinunuliwa soda ya tangawizi na rafiki yake, ikadaiwa kulikuwa na konokono ndani ya chupa, na majaji wakasema mtengenezaji anawajibika hata kwa mnywaji asiyelipa. Mlango upo, ila mzigo wa kuthibitisha uzembe ni mzito kuliko kuonyesha risiti.

Haki ingetaka muuzaji akishalipa amgeukie aliyemuuzia kwa jumla, naye amgeukie mwagizaji. Kwa vitendo mnyororo hukatikia Kariakoo, kwenye mzigo usio na karatasi. Hilo ni tatizo la kweli la muuzaji, ila si sababu ya kumhamishia mwenye kidonda. Anayenunua mzigo bila risiti ndiye aliyechagua kubaki peke yake.

Sasa kiasi. Tuseme sufuria ilikuwa 60,000. Kufungua faili, kusafisha kidonda mara tatu na dawa ni 35,000 kwa risiti. Jiko lilifungwa siku tano, na daftari linaonyesha faida ya 20,000 kwa siku: 100,000. Jumla 195,000. Hizi ni hasara mahususi, na mahakama zetu zinazidai zitajwe moja moja na kuthibitishwa kwa ukamilifu, si kukadiriwa. Daftari la mauzo lina nguvu kuliko maneno mengi. Chochote cha maumivu huja juu ya hapo, na ndicho kinachogombanisha watu.

Msimamo wetu: maumivu ya siku mbili yasiyozuia kazi wala kuacha alama hayahitaji malipo ya peke yake. Mkono usiofanya kazi kwa wiki, au kovu linaloonekana, yanahitaji. Hofu tupu, mfuniko kuruka bila kumgusa mtu, ni sababu ya kurudishiwa hela na kuandika malalamiko, basi.

Nchi nyingine zimejaribu kumaliza ubishi kwa viwango. England, kwa majeraha ya shingo ya ajali za magari, iliweka jedwali mwaka 2021: yasiyozidi miezi mitatu yalipewa pauni 240. New Zealand tangu 1974 ina mfuko wa umma unaogharamia matibabu ya aliyeumia bila kuuliza nani mkosaji, na kwa kubadilishana na hilo imeondoa haki ya kushtaki kudai fidia ya jeraha. Jedwali linaleta haraka na kuzima madai ya kupaisha. Ubaya wake ni kwamba halimjui mtu: lengelenge la karani na la fundi cherehani yanapewa bei moja. Sisi tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kwa walioumia kazini, lakini anayejipikia nyumbani kwake hahusiki nao. Kwa madai ya laki moja au mbili jedwali lingefaa, mradi siku za kazi zilizopotea zihesabiwe kando.

Upande wa aliyeungua pia una wajibu wa kutokuza hasara. Mkono uwekwe kwenye maji yanayotiririka kwa dakika 20, si dawa ya mswaki wala yai. Akipaka dawa ya mswaki kidonda kikaoza, gharama ya nyongeza si ya duka. Tofauti ni mtu mwenye kisukari: kidonda chake kikichelewa kupona licha ya kutunzwa vizuri, anayewajibika analipa huo ucheleweshaji pia, kwani sheria inamchukua aliyeumia na mwili alio nao.

Mahakamani ni haki, ila kwa 195,000 wakili peke yake anaweza kuimaliza. Wengi watakaa kwa mwenyekiti wa mtaa, na si vibaya, mradi iandikwe: bidhaa, tarehe, jeraha, kila kiasi na kinalipa nini, mashahidi wawili. Hela ya dawa ipokelewe siku hiyohiyo na iandikwe kuwa ni malipo ya awali. Sentensi ya "nimeridhika na sitadai tena" isitiwe sahihi kabla kidonda hakijafunga. Muuzaji atasukuma imalizwe leo, na ana sababu zake, lakini Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 3 kwa madai ya uzembe na 6 kwa madai ya mkataba.